Mlango Uliopigwa Muhuri

Ipo nchi moja, na wanaoijua wanaombwa wasinyooshe kidole, iitwayo Jamhuri ya Tulizana. Ni nchi njema. Barabara zake zimezinduliwa mara nne nne, na siku moja zitajengwa. Katika mji wake wa tatu kwa vumbi, uitwao Makorongo, serikali haikuweka zimamoto, kwa sababu gazeti la serikali lilikwisha kutangaza kwamba Makorongo haiungui. Bahati mbaya nyumba za Makorongo hazikuwa na desturi ya kusoma gazeti. Ziliendelea kuungua kama kawaida, na wananchi wakaanzisha kikosi chao cha kujitolea.

Kikosi kilikuwa na watu kumi na wanane, mkokoteni mmoja wenye mapipa mawili, pampu ya mkono iliyokohoa sana kabla ya kutema maji, na kapteni, Bi Nyamizi Lugendo, naye akihesabiwa katika hao kumi na wanane.

Nyamizi alikuwa dobi. Mtu aliyepekua mifuko ya nguo za wenzake kwa miaka kumi na tisa hawezi kubaki mwepesi wa kuamini. Alishakuta tiketi za mabasi ya pwani kwenye suruali za watu waliosema walikuwa msibani bara. Alishakuta barua za mapenzi kwenye kanzu ambazo hazikustahili. Vyote alivirudisha mfukoni baada ya kupiga pasi, bila neno, lakini havikumtoka akilini. Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akakutazama akijiuliza unataka nini.

Kikosi kilikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Nje ya kituo ilining'inia rimu ya gari. Ikigongwa, kila mtu anaacha alichoshika, anakimbilia kituoni, anachukua chaki na kuandika jina lake kwenye mlango mkubwa wa mbao, ndipo anakwenda motoni. Akirudi salama, anafuta jina lake mwenyewe. Jina likibaki mlangoni, maana yake kuna mwenzao hajatoka. Hakuna kumfutia mtu. Mwaka wa kwanza mmoja aliwahi kumfutia rafiki yake kwa wema tu, kikosi kizima kikaenda kunywa chai, kumbe rafiki bado yuko juu ya paa la duka linaloungua, anaita hadi sauti inakauka. Aliokolewa, lakini chai ile haikusahaulika.

Wengi waliandika majina yao kama kuku aliyepita kwenye unga. Isipokuwa Chande. Chande alikuwa mchoraji wa mabango. Nusu ya vinyozi wa Makorongo walijulikana kwa vichwa alivyowachorea ukutani. Yeye aliandika CHANDE kwa herufi zenye kivuli upande wa kulia, na mkia wa E ukimalizikia kwenye ua dogo.

"Chande, nyumba inaungua!" Nyamizi alimpigia kelele kila mara.

"Inaungua, dada kapteni, nakubali. Lakini herufi nazo zina haki yake."

Na bado alikuwa wa kwanza kufika motoni. Nyamizi alishindwa kuelewa anafanyaje, akamshuku kwa hilo pia.

*

Sasa, mambo hayo yote yangeendelea kimyakimya kama Mfuko Mkuu wa Afya na Utulivu usingetoa Kanuni ya Thelathini.

Mfuko huu ndio unaokatia watu bima ya matibabu Tulizana nzima, na una jengo lenye vioo vingi kuliko wagonjwa. Kanuni yake ilikuwa ya huruma sana. Ilisema: mtu yeyote anayetumikia umma kwa saa thelathini kwa wiki ni mtumishi kamili, na Mfuko utamtibu chochote kinachomuuma. Anayetumikia pungufu ya hapo ni mtu wa kujitolea, na bima yake ni shukrani za taifa.

Wananchi walishangilia. Siku tatu baadaye Mfuko ulifafanua kwamba, ili kulinda moyo wa kujitolea usichafuliwe na matibabu, hakuna mtu wa kujitolea atakayeruhusiwa kuvuka saa ishirini na tisa. Ukatuma mkaguzi kila mji, mwenye saa ya kusimamishia, filimbi na kigoda cha kukunja.

Wa Makorongo aliitwa Bwana Gerevasi Ndimbo. Alikuwa mwembamba, amefunga tai, amevaa koti katika joto lile, na uso wake haukuwa na ubaya wowote. Ni uso wa mtu aliyewahi kuwa kiranja wa bweni na hakuambiwa kwamba shule imefungwa. Alikunjua kigoda chake mbele ya kituo na kumhoji kapteni.

"Mnalipwa na nani?"

"Hatulipwi."

Akaandika, akisoma kwa sauti: "Wanakataa kumtaja anayewalipa."

"Bwana mkubwa, nimesema hatulipwi."

"Nimekusikia, mama. Mfuko umetafakari. Mtu mzima, mwenye akili, anakimbilia moto bila malipo. Hilo si la kawaida. Mnatafuta nini humo ndani?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wanaoungua."

"Mnawafahamu?"

"Wengine ni majirani."

Akaandika: "Wana uhusiano wa karibu na wanaoungua."

Nyamizi alihisi vile anavyohisi akikuta mfuko ulioshonwa kwa ndani. Akaanza kupima kila neno kabla halijatoka, maana aliona wazi kwamba kila neno litarudi siku moja likiwa limevaa sare. Ndimbo alipouliza kuhusu majina ya mlangoni, alimjibu polepole kama mtu anayehesabu mashati ya mteja mgomvi.

"Mtu anaandika jina lake anapokwenda. Anafuta anaporudi. Mwenyewe. Kwa mkono uleule alioandikia. Hafutiwi na mtu."

"Kwa nini mkono uleule?"

"Kwa sababu mkono mwingine unaweza kuwa wa mtu mwingine."

Ndimbo aliacha kuandika. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi, alionekana mwenye furaha. "Mama," alisema, "katika mji huu mna utaratibu!"

Kesho yake alirudi na waraka. Mlango wa kituo umetangazwa kuwa Daftari Kuu la Mahudhurio. Umefunikwa kwa nailoni ngumu, yenye kipande cha kufunulia kwa chini, ili mvua isiharibu kumbukumbu. Na waraka ulisema, neno kwa neno kama alivyosema dobi, kwamba jina litafutwa na mwenyewe, kwa mkono uleule alioandikia, na mwingine yeyote atakayeligusa atafungwa miaka mitano. Kila siku saa nne asubuhi mkaguzi atanakili mlango, atajumlisha saa za kila mtu, atapiga muhuri na kupeleka nakala makao makuu.

"Na kama mlango unasema hivi na macho yako yanaona vile?" aliuliza Shomvi, mchinjaji, aliyekuwa mshika pampu wa kikosi.

"Ndugu, macho yangu si kumbukumbu rasmi. Kumbukumbu rasmi ni mlango."

Shomvi alicheka hadi akakaa chini. Nyamizi hakucheka. Aliusoma waraka mara mbili, akaukunja, akauweka chini ya pasi yake ya mkaa, mahali anapoweka vitu asivyoviamini.

*

Jumatano ya wiki moja yenye upepo mbaya, saa nane mchana, rimu iligongwa kwa nguvu. Ghala la magodoro lilikuwa linawaka. Watu wakakimbilia mlangoni, chaki zikalia, Chande akachora ua lake, na mkokoteni ukaondoka ukimwaga maji njia nzima.

Moto ulikuwa mkubwa, lakini Ndimbo alikuwa ametangulia. Alikaa kwenye kigoda upande usio na moshi, daftari magotini. Wiki ile ilikwisha kuwa na mioto minne, kwa hiyo saa za wengi zilikuwa ukingoni.

"Pampu, Shomvi! Pampu!" Nyamizi alipaza sauti.

Filimbi ikalia. "Shomvi mchinjaji! Ishirini na tisa kamili! Toka!"

"Niache nimalize pipa!"

"Ukimaliza pipa utakuwa mtumishi wa umma. Unataka kuvunja sheria mbele ya watoto?"

Shomvi aliachia pampu, akasimama kando. Filimbi ikalia tena, na tena. Wakatoka mmoja mmoja kama wanafunzi wanaoitwa kupokea barua, na kila mmoja akasimama kwenye mstari, analitazama ghala likiungua kwa mujibu wa kanuni. Baada ya robo saa wakabaki wawili, Nyamizi na Chande.

Ndipo ilipojulikana kwamba mlinzi wa ghala, Bakuza, hajaonekana. Kila mtu alijua atakuwa wapi. Bakuza aliona ni wajibu wa mlinzi mwaminifu kuyajaribu magodoro anayoyalinda.

"Chande, una muda gani?" Nyamizi aliuliza.

"Ishirini na nane na dakika arobaini!" alijibu Ndimbo kutoka kwenye kigoda. "Ana dakika ishirini, mama, sitaki malalamiko."

Chande alijimwagia ndoo ya maji akaingia. Mlango wa ndani ulikuwa na komeo la chuma, na chuma kile kilikuwa chekundu. Alilishika. Hakukuwa na kingine cha kushika. Alitoka na Bakuza mgongoni, Bakuza akiwa bado amekumbatia mto, na mkono wa kulia wa Chande ulikuwa jambo ambalo Nyamizi, aliyezoea madoa ya kila aina, alilitazama mara moja tu.

Walimpakia kwenye mkokoteni, wakaukimbiza hadi zahanati. Walipogeuka nyuma walisikia filimbi. Dakika ishirini zilikuwa zimetimia. Ndimbo alikuwa amesimama mbele ya ghala lililobaki majivu, akilipulizia filimbi kwa bidii.

"Chande mchoraji! Ishirini na tisa kamili! Toka!"

Ghala halikujibu. Alipuliza mara tatu kama utaratibu unavyotaka, kisha akaandika: "Amekaidi."

*

Daktari Salha wa zahanati ya Makorongo alikuwa mwanamke asiyepamba maneno. Alimwita Nyamizi nje ya wodi.

"Ngozi ya kiganja imekwisha. Inatakiwa apandikizwe nyingine kwenye hospitali kubwa, ndani ya wiki mbili. Zikipita, vidole vitajikunja hivi," akakunja ngumi, "na havitafunguka tena."

"Ni mchoraji."

"Najua, Bi Nyamizi. Yeye ndiye aliyechora neno WODI pale mlangoni. Hospitali kubwa haimpokei bila karatasi ya Mfuko. Nenda kalete karatasi."

Jumatatu Nyamizi akaenda makao makuu, kwenye jengo la vioo. Dirisha la kwanza lilimwelekeza la sita, la sita likamrudisha la kwanza lililokuwa sasa limekwenda kula. Saa tisa alasiri alipokelewa na kijana mwenye manukato.

"Huyu Chande wakati anaungua alikuwa na saa ishirini na nane na dakika arobaini," kijana alisema akisoma nakala yenye muhuri. "Ni mtu wa kujitolea."

"Ameungua akiwa kazini."

"Ameungua akiwa anajitolea, mama. Ili aungue akiwa kazini alipaswa kuendelea kuungua kwa saa moja na dakika ishirini zaidi. Mfuko hauna chuki naye. Ni hesabu." Akafungua mtoto wa meza. "Bima yake hii hapa."

Ilikuwa kadi yenye picha ya bendera na maneno: Taifa linakushukuru. Nyamizi aliigeuza nyuma, kwa mazoea. Nyuma iliandikwa kwamba shukrani hizi haziwezi kuhamishiwa kwa mtu mwingine.

"Mwanangu," alisema, "wewe ukiungua unatibiwa?"

"Mimi siungui, mama. Mimi ni wa ofisini."

Alirudi Makorongo amesimama kwenye basi njia nzima. Chande alikuwa amelala akijifunza kuandika hewani kwa mkono wa kushoto. Alipoiona kadi ile alicheka.

"Bendera wameikosea. Kijani hiki si chake."

"Usinichekeshe, Chande."

"Dada kapteni, nisipocheka nitautazama huu mkono. Leo nimeota nachora herufi O, haifungi. Nazungusha, nazungusha, haifungi." Akaiweka kadi kando. "Zimebaki siku ngapi?"

"Tisa," alisema Nyamizi, akashika njia ya nyumbani.

*

Jumatano, wiki moja kamili baada ya moto, Ndimbo alileta koti lake kufuliwa.

Nyamizi alilipokea bila tabasamu na kupekua mifuko kama kawaida. Kulikuwa na filimbi ya akiba, pipi moja iliyoyeyuka, na barua ya makao makuu. Desturi yake ilikuwa kutosoma. Lakini barua ilikuwa imekunjamana, na kitu kilichokunjamana hakikuwahi kutoka kwa Nyamizi bila kupigwa pasi. Na huwezi kupiga pasi barua ukiwa umefumba macho.

Ilisema: "SIRI. Kwa ajili ya usafi na afya ya jamii, mlango wa kituo cha zimamoto Makorongo usafishwe haraka, hasa mstari wa saba kutoka juu. Mkurugenzi Mkuu atafika Ijumaa kuusafisha kwa mkono wake."

Nyamizi aliweka pasi chini.

Miaka kumi na tisa alifua nguo za mji ule, na hakuwahi kuona serikali ikikimbilia kusafisha kitu. Mtaro wa soko ulikuwa na mche wa mpapai uliokwisha kuzaa. Choo cha shule kilikuwa na jina lake la utani na siku yake ya kuzaliwa. Leo mkubwa wa Mfuko mzima aache vioo vyake, asafiri na dodoki, kwa ajili ya chaki? Mwizi akirudisha kitu kimefuliwa, ujue ndani yake palikuwa na kitu kingine.

Akafunga duka, akaenda kituoni, akasimama mbele ya nailoni na kuhesabu kutoka juu. Moja, mbili, tatu. Majina yote ya siku ile yalikwisha kufutwa na wenyewe, yamebaki mawingu meupe. Mstari wa saba tu ulikuwa mzima, na kivuli upande wa kulia, na ua.

CHANDE.

Bila shaka. Alibebwa moja kwa moja hadi zahanati. Hakurudi kufuta. Na hakuna kumfutia mtu.

Alihesabu kwa vidole, kisha kwa chaki sakafuni, kisha akakaa juu ya pipa. Kwa mujibu wa Daftari Kuu la Mahudhurio, Chande hakuwa ametoka motoni hata kidogo. Alikuwa humo usiku na mchana, wiki nzima, bila kula, saa mia moja sitini na nane. Thelathini alikwisha kuzipita tangu jioni ileile ya moto. Na kila asubuhi saa nne, Bwana Ndimbo mwenyewe alinakili na kupiga muhuri.

Alirudi, akamaliza koti, akairudisha barua mfukoni, imenyooka kama kola ya bwana harusi. Ndimbo alipokuja kulichukua, alimuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua:

"Bwana mkubwa, ule waraka wako wa mlango bado una nguvu?"

"Mama, waraka wenye muhuri hauchoki."

"Hata kwa wakubwa?"

Ndimbo alionekana kuumia. "Waraka hauoni nani mkubwa."

Nyamizi alimtazama kwa muda mrefu akitafuta mfuko ulioshonwa kwa ndani. Kwa mara ya kwanza hakuuona, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

*

Ijumaa yakaja matarumbeta. Yakaja maturubai, viti vya plastiki vya wananchi na kochi la mgeni rasmi. Kitambaa kikubwa kilisema: UZINDUZI WA KAMPENI YA MILANGO SAFI. Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Daktari Fulgensi Kapalata, alishuka kwenye gari jeupe akiwa amevaa glavu za mpira juu ya suti, na nyuma yake msaidizi amebeba ndoo yenye utepe.

"Ndugu wananchi," alianza, "mlango ni nini?" Akanyamaza ili swali lizame. "Mlango ni uso wa nyumba. Na taifa lenye uso mchafu halina macho ya kuona mbele! Mfuko wangu haulali. Umetazama milango yote ya jamhuri hii, umelia kwa uchungu, ukasema: tuanze na Makorongo! Tuanze na mlango huu! Tuanze," akaangalia kikaratasi, "na mstari wa saba!"

Makofi yakapigwa na wale waliopangiwa kupiga. Mkurugenzi akachovya dodoki, akafunua nailoni, akanyoosha mkono.

Nyamizi alisimama. "Bwana Ndimbo," alisema, "jina hilo ni la nani?"

"La Chande mchoraji," alijibu Ndimbo.

"Na anayenyoosha mkono ni Chande?"

Uso wa Ndimbo ulianza kubadilika, kama wa mtu anayesikia kengele kwa mbali na bado hajui ni ya kula au ya gwaride. Alitazama mlango. Alitazama waraka uliobandikwa kando yake, wenye sahihi yake. Alitazama dodoki, lililobakiza upana wa kidole kuifikia C.

Filimbi ikalia. Ililia hadi matarumbeta yakaona haya.

"Simama!" alisema Ndimbo. "Mheshimiwa, tafadhali, simama! Miaka mitano!"

"Ndimbo," Mkurugenzi alisema polepole, "unanipulizia mimi filimbi?"

"Naupulizia mkono, mheshimiwa. Jina hufutwa na mwenyewe, kwa mkono uleule alioandikia. Ni waraka wetu."

"Lakini huyo mtu yuko zahanati! Kila mtu anajua yuko zahanati!"

"Kila mtu si kumbukumbu rasmi, mheshimiwa." Akafungua daftari. "Kumbukumbu rasmi ni kwamba yumo motoni saa mia mbili na kumi na mbili. Nilimpulizia. Alikaidi."

"Basi huyo ni mtumishi kamili!" Shomvi alipiga kelele kutoka nyuma. "Anatibiwa chochote kinachomuuma! Si ndiyo Kanuni?"

Watu wakaanza kuguna, na kuguna kwa Makorongo hakujapangiwa. Mkurugenzi alifuta jasho kwa dodoki kwa bahati mbaya. Lakini mtu hafiki kwenye kochi lile kwa ujinga. Akatabasamu.

"Vizuri sana. Aletwe mwenyewe, afute."

Chande akaletwa kwenye mkokoteni, Daktari Salha pembeni. Akateremka, akasimama mbele ya jina lake. Mkurugenzi akampa dodoki. Chande akalipokea kwa mkono wa kushoto.

Filimbi.

"Uliandika kwa upi?" aliuliza Ndimbo.

"Wa kulia."

"Basi ni wa kulia."

Chande akainua mkono wa kulia, tonge la bandeji kubwa kama mkate. Hakuna aliyecheka. Alijaribu kulishika dodoki, likaanguka. Alijaribu tena, na jasho likamtoka usoni kwa maumivu, na Daktari Salha akamshika bega.

"Haiwezekani," daktari alisema. "Kiganja hakipo. Mpaka apandikizwe. Na zimebaki siku tano."

"Na asipopandikizwa?" Mkurugenzi aliuliza.

"Mkono huu hautafuta kitu maisha yake yote."

Kila mtu alimwona Mkurugenzi Mkuu akipiga hesabu. Mkono ukifa, jina halifutiki. Jina lisipofutika, mtumishi huyu atakuwa kazini saa ishirini na nne kila siku hadi kustaafu, bila likizo, na likizo zake zote zitadaiwa. Nyamizi aliona midomo yake ikitembea. Aliona ikifika mwisho.

"Mtibuni!" Mkurugenzi alinguruma. "Mnangoja nini? Leo hii! Gari langu! Daktari bingwa! Mtu wangu anaumia hivi na mnamtazama? Apone upesi, afute!"

Alitia sahihi karatasi ya Mfuko juu ya mgongo wa msaidizi wake. Nyamizi aliichukua, akaisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma, akaiinua kwenye jua kuona kama kuna maandishi katikati. Hayakuwapo. Akaiangalia tena hata hivyo.

*

Jumamosi Chande alipasuliwa. Mfuko ulimtunza kama yai. Kila juma Mkurugenzi alipiga simu kuuliza kama vidole vinakunjuka. Aliagiza mtu wa kumfanyisha mazoezi, na uji wa lishe, na mpira wa kubinya. Inasemekana hakuna mkono katika historia ya Tulizana uliowahi kuombewa dua na serikali kiasi kile.

Mwezi wa tatu wakarudi wote: kochi, matarumbeta, ndoo yenye utepe mpya. Chande alifika kwa miguu yake. Kiganja kilikuwa na ngozi ya rangi mbili, kama ramani, lakini kilifunga na kilifungua. Ndimbo alikikagua, akathibitisha kwamba mkono ni uleule, akakipigia muhuri kwenye kifundo.

"Sasa, kijana wangu," alisema Mkurugenzi, akimpa dodoki. "Futa."

Nyamizi alikuwa amesimama karibu, mikono mifukoni. Hakumwambia Chande kitu, wala siku hiyo wala kabla yake. Alikuwa akimshuku hata yeye. Mtu akishatibiwa husahau.

Chande alilipima dodoki, akaliweka chini. Akatia vidole kwenye kikopo cha chaki kilichokuwa kando ya mlango, akachukua moja kwa mkono wa kulia. Herufi zilikuwa zimefifia kwa miezi mitatu ya unyevu. Akaanza na C, polepole, akikaza juu ya alama ya zamani, kisha H, kisha A, kivuli upande wa kulia. Mkono ulitetemeka kwenye N, ukatulia kwenye D. Alipofika kwenye ua alichukua muda wake wote, akamalizia kwa kijiduara katikati, na kijiduara kikafunga.

"Umefanya nini?" Mkurugenzi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hufutwa mtu akitoka, mheshimiwa. Mimi bado."

"Unatoka lini?"

"Moto ule ulikuwa mkubwa," alisema Chande. Akamgeukia Nyamizi, akampa chaki. "Dada kapteni, huwezi kuniacha humo peke yangu."

Nyamizi aliitazama ile chaki. Akaivunja ncha kuona ndani kama ni ya serikali. Ilikuwa chaki tu. Akatoa mkono mfukoni na kuandika jina lake chini ya lile, na Shomvi akaja nyuma yake, na nyuma ya Shomvi mstari ukajipanga, uleule uliosimama siku ya ghala ukitazama. Akaja hata Bakuza mlinzi, na mto wake.

Ndimbo alikunjua kigoda. Akaangalia saa, ikawa saa nne kamili, akaanza kunakili.

Ndiyo maana, kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi za Jamhuri ya Tulizana, moto wa ghala la magodoro la Makorongo unaingia mwaka wa sita bila kuzimika, na mashujaa kumi na tisa bado wamo ndani wakipambana nao. Kila mwaka Mkurugenzi Mkuu huja kuwapa moyo kwa kipaza sauti, akielekea kiwanja kitupu chenye mbuzi wawili. Wao humsikiliza kutoka upande wa pili wa barabara, wakiwa na afya njema sana. Nyamizi hukaa mbele, kwenye kigoda alichoazimwa na Ndimbo, akiyatazama mawingu ya mvua, kwa sababu nailoni ya mlango imeanza kuchanika upande mmoja, na hana uhakika kwamba ni upepo unaoichana.